Siku Mbili Ukingoni mwa Korongo

Mwaka nilioajiriwa kwenye mradi wa visima Dodoma nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, shahada mpya ya uhandisi, na viatu vya ngozi visivyofaa kwa kazi yoyote niliyopewa. Ilikuwa Januari 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimeshakata reli na kubeba madaraja, na Wagogo, ambao miaka yote huomba mvua inyeshe, safari hii walikuwa wanaomba ikome.

Wiki yangu ya pili, mkuu wa mradi, Bwana Gaudence, aliniita ofisini kwake.

"Elisante, wafadhili wamekubali kumnunulia fundi wetu gari jipya. Gari la kulala, kama lile alilonalo. Wana swali moja tu. Liwe foo-wili au lisiwe?"

Foo-wili ni gari ambalo magurudumu yake yote manne yanavuta, siyo mawili tu. Kwa barabara za Dodoma na mvua ile, niliona kama nimeulizwa kama samaki anahitaji maji.

"Jibu si liko wazi, mzee?"

"Kwako liko wazi. Kwa Mama Jenifa nako liko wazi, ila lake ni hapana. Na yeye ndiye fundi, ndiye anayeendesha." Akanisukumia faili. "Nenda naye safari ya wiki mbili, ujionee, kisha uniandikie ripoti."

Mama Jenifa jina lake hasa ni Evelina. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwenyeji wa Mkonze, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Alijifunza ufundi wa pampu serikalini, enzi zile idara zilipokuwa na mafundi kila wilaya. Mwaka 1993 wafanyakazi walipopunguzwa, naye alipunguzwa. Alirudisha spana za serikali asubuhi, na mchana wake akaenda sokoni kununua zake. Mradi ulipoanza na kutafuta fundi, wanaume watano walileta vyeti. Yeye alileta pampu iliyokufa, akaifungua na kuifunga mbele ya meza ya usaili, ikatoa maji kwenye ndoo ya mfagizi.

Gari lake lilikuwa kombi ndefu yenye paa lililoinuliwa. Mume na mke wa Kijerumani walishuka nayo kutoka Misri wakiishi humo humo, wakachokea Dodoma, wakauachia mradi na kurudi kwao kwa ndege. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, meza ya kukunja, sinki dogo na pipa la maji. Mama Jenifa aliling'oa friji akaweka sanduku la spana. Juu ya paa alifunga mabomba, na ile miguu mitatu ya chuma anayosimamisha juu ya kisima ili avute mabomba kwa cheni.

"Shikamoo, mama," nilimwambia asubuhi ya safari.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisaidia au kunichunguza?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na cha kwanza. Kamata hiyo ndoo."

Nikauliza nitalala wapi, kwa kuwa niliona vitanda viwili.

"Kitanda cha pili ni cha spea," alisema. "Wewe utalala kiti cha mbele. Usukani utauzoea."

Tulitoka kuelekea kaskazini. Tulipokuwa tunapita mashamba ya zabibu ya Makutupora, mizabibu imesimama kwenye maji kama imepandwa ziwani, nilimuuliza kwa nini hataki foo-wili.

Alifikiri kwanza. "Mwenye magurudumu mawili anakwama mwanzo wa tope. Anashuka, anajichimbua, anarudi. Mwenye manne anakwama katikati. Hilo la kwanza. La pili, mimi nina kitanda. Nikikuta njia imekataa, nasimama, napika ugali wangu, nalala. Njia ikikauka naendelea. Wenye magari makubwa wanalazimisha kwa sababu hawana pa kulala." Akabadili gia. "La tatu umeliona kwenye faili. Tofauti ya bei ya magari hayo mawili ni pampu nane. Wewe mwenye shahada nitajie vijiji vinane, nikawaambie pesa za pampu yao nimenunulia magurudumu ya mbele."

Niliandika maneno yake kwenye daftari, na pembeni yake nikaweka alama ya kuuliza.

Wiki ile ya kwanza ilinifundisha kumheshimu. Kila tulipofika penye tope alisimamisha gari mbali, akatembea kwa miguu hadi pale, akachota udongo na kuufinya. Ukivunjikavunjika, tunapita. Ukiviringika kama tonge la ugali, tunazunguka, hata kama ni kuzunguka saa nzima. Penye mchanga alipunguza upepo wa tairi, akavuka polepole bila kugusa breki, kisha tukajaza upya kwa pampu ya mguu, yaani nikajaza mimi. Alikuwa na magunia manne ya katani ambayo tuliyatandika chini ya magurudumu, tukayaokota nyuma, tukayatandika tena mbele. Mara mbili tulipita mahali ambapo lori lilikuwa limelala ubavu. Hatukukwama hata mara moja. Mimi niliyekuja nikijua jibu nilianza kufuta ile alama ya kuuliza.

Jumatatu ya wiki ya pili tulikuwa Haneti. Mtu wa baiskeli, matope hadi magotini, alitukuta tukifunga kazi.

"Mama, mimi natoka Chilungule. Pampu yetu imekufa wiki sasa. Watu wanakunywa maji ya bwawa na matumbo yanawaendesha. Wazee na watoto wako hoi."

Mama Jenifa hakumaliza hata chai. Tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya mashariki, na jioni tukafika kwenye korongo la kitongoji kinachoitwa Ipasila. Kiangazi ni mchanga mtupu ambao unauvuka kwa viatu. Siku ile maji mekundu yalikuwa yanakwenda kwa kasi, yamebeba matawi. Chilungule ilikuwa ng'ambo, mwendo wa saa moja tu.

Alivua viatu, akakunja kitenge, akaingia na fimbo. Maji yalimfika pajani kabla hajafika nusu. Akarudi.

"Yatashuka," alisema. "Tunalala hapa."

Asubuhi ya Jumanne maji yalikuwa yameshuka hadi magotini, lakini chini mchanga ulikuwa unameza fimbo. "Hadi jioni utakuwa umeshikana," alisema. Tukawa tunachemsha uji, tukasikia sauti nyuma yetu. Wanawake wa Ipasila, wapata thelathini, wamekuja na ndoo tupu. Waliona mabomba juu ya paa.

"Mbukwenyi," walisalimia kwa Kigogo, wakaongea naye kwa muda. Kumbe nao walikuwa na kisima. Kilichimbwa na watu wengine zamani, hakikuwa kwenye orodha yetu, na pampu yake ilikuwa haijatoa tone kwa miaka miwili. Magari yote ya miradi yalipita pale bila kusimama. Hili letu lilikuwa la kwanza kulala.

Mama Jenifa alinitazama. "Tunasubiri korongo. Mikono inasubiri nini?"

Tulisimamisha ile miguu mitatu. Kabla ya saa sita mabomba yote yalikuwa nje, yamelazwa kwenye nyasi, na yeye amekaa chini na silinda mapajani akikwangua kutu.

Hapo ndipo gari lilipotokea. Lilikuwa foo-wili jeupe la wataalamu wa chanjo ya mifugo. Dereva wake, kijana aliyeitwa Hasani, alishuka, akatazama maji, akarudi akaingiza gia fupi ya pili, ile inayofanya magurudumu ya mbele nayo yavute.

"Mama, nyie mnakwenda wapi?"

"Chilungule."

"Na sisi tunapita pale pale. Hilo lako halivuki leo. Pakia vifaa kwangu, wewe na huyu bwana mkae nyuma na maboksi. Saa moja mmefika."

Nilishaanza kusimama. Mama Jenifa alitazama silinda iliyofunguka mkononi mwake, kisha wale wanawake waliokaa kwenye duara. Nikitaka kusema kweli, niliona na kitu kingine usoni pake. Alitazama yale magurudumu manne kama mtu anavyomtazama mpinzani aliyekuja kumsaidia.

"Siwezi kukiacha kisima cha watu kimefunguliwa," alisema. "Nikiondoka na vifaa hivi, hawa wamerudi walikokuwa. Jioni nitavuka mwenyewe."

"Mama, lakini kule wanaumwa," nikasema.

"Nimesikia, Elisante. Jioni."

Hasani aliinua mabega. Gari lake liliingia majini, likayumba, mchanga ukalishika, kisha magurudumu ya mbele yakang'ata na kulivuta. Likapanda ng'ambo likichuruzika maji. Halikuchukua hata dakika tatu.

"Limepita," Mama Jenifa alisema, akainamia silinda yake.

Saa kumi alasiri pampu ya Ipasila ilitoa maji. Kwanza ilikohoa, ikatema kutu, kisha yakaja meupe. Nimeona mengi tangu siku ile, lakini sijasahau kelele za wale wanawake, wala bibi mmoja aliyeweka mdomo wake moja kwa moja kwenye bomba na kukataa kutoka. Walitupa kuku na mtungi wa mlenda. Tulishuka korongoni tukiwa tunacheka.

Maji yalikuwa yamepanda tena. Mvua ilikuwa imenyesha vilimani, mbali, sisi tukiwa kwenye jua. Yalikuwa juu kuliko ya jana.

Jumatano nzima tulikaa pale. Mama Jenifa hakupika. Kila nusu saa aliingia majini na fimbo, akarudi. Mara moja alitaka kuvuka kwa miguu akiwa amejifunga kamba, mimi na wanaume wa Ipasila tukamvuta kabla maji hayajamzoa. Kitanda kilikuwa pale, kimetandikwa. Hakukilalia.

Alhamisi alfajiri yalishuka. Tulitandika magunia manne, wanaume kumi wakasukuma, tukavuka. Saa tatu asubuhi tuliingia Chilungule.

Mwenyekiti wa kijiji, Bartolomayo, alitupokea barabarani. Nyuma yake watu walikuwa wanarudi kutoka shambani wakiwa na majembe, lakini hawakuwa wametoka kulima. Walikuwa wametoka kuzika.

"Ni bibi mzee wa nyumba ile," alisema. "Amefariki jana jioni. Wengine wanaendelea vizuri kiasi. Mganga wa zahanati alileta ile chumvi ya kuchanganya na maji. Tatizo maji yenyewe ndiyo yale yale ya bwawa, na kuni zote zimelowa, kuchemsha kunashinda."

Mama Jenifa aliomba apelekwe kwenye nyumba hiyo. Nilimfuata. Mlangoni alikuwa amekaa mkwe wa marehemu, mwanamke wa miaka kama thelathini, jina lake Anyesi. Mama Jenifa hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Aliketi chini, kwenye udongo, wakalingana macho.

"Pole, mwanangu."

"Tumeshapoa, mama." Anyesi alivuta kanga yake mabegani. "Hasani wa chanjo alituambia Jumanne kwamba mko Ipasila. Bibi akawa anauliza kila mara, wamefika?"

Alisema hivyo bila kulaumu. Tungeweza kujibu kwamba maji ya korongo yalituzuia, na isingekuwa uongo. Mimi ningejibu hivyo.

"Jumanne hiyo hiyo Hasani alitaka kunileta," Mama Jenifa alisema. "Nilikataa. Nilikuwa nimefungua pampu ya Ipasila, nikaona siwezi kuiacha. Tena nilijua nitavuka mwenyewe jioni. Nilijiamini. Korongo likanishinda."

Nilitazama chini. Kuku mmoja alipita kati yetu akidonoa.

"Ipasila nao hawakuwa na maji," Anyesi alisema mwishowe.

"Hawakuwa nayo."

"Bibi alikuwa na miaka mingi. Pengine angekwenda tu." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Pengine asingekwenda. Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Ndiyo maana nimekuja kukuambia."

Kisha Anyesi aliinuka. "Haya. Twende ukanioneshe hiyo pampu ina nini. Wiki nzima tunaizunguka kama maiti, hakuna anayejua ndani mna nini."

Pampu ya Chilungule haikuwa na ugonjwa mkubwa. Washa za ngozi, zile pete zinazobana maji ndani ya silinda, zilikuwa zimeliwa, na chuma kimoja cha kuvutia kilikuwa kimeachana na mwenzake. Mama Jenifa angeimaliza kwa saa moja. Ilimchukua hadi alasiri, kwa sababu hakuigusa. Alimpa Anyesi spana.

"Fungua hapo. Siyo hivyo, utaumiza uzi wa nati. Egemeza mwili, usitumie mkono peke yake. Sasa vuta."

Anyesi alifungua, akatoa, akabadilisha, akafunga. Maji yalipotoka na watu wakaanza kukimbilia ndoo, Mama Jenifa aliwaacha wateke, kisha akasema, "Fungua tena."

"Tena? Si imepona?"

"Imepona kwa sababu mimi nimesimama hapa. Fungua tena, mimi nitakaa pale kwenye jiwe."

Mara ya pili hakusema neno. Mara ya tatu Anyesi alikuwa na mwanamke mwenzake, Mwajabu, na walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe spana ipi itangulie. Tulipoondoka, Mama Jenifa alimwachia Anyesi spana tatu na washa kumi na mbili. Spana hizo hazikuwa za mradi. Zilikuwa zile alizonunua sokoni siku aliyopunguzwa kazi.

Karibu na Haneti nilimwambia, "Mama, kwenye ripoti ile habari ya lifti naweza kuiacha. Haihusu."

Alisimamisha gari katikati ya barabara.

"Umetumwa kuandika kama gari linahitaji foo-wili. Kuna kitu gani kinachohusu zaidi ya hicho?"

Kikao kilikuwa Jumatatu. Bwana Gaudence aliisoma ripoti yangu hadi mwisho, akavua miwani.

"Elisante hapa amependekeza ndiyo na hapana katika ukurasa mmoja. Mama Jenifa, wewe ndiye uliyetuambia miaka minne kwamba foo-wili ni anasa. Nimewaandikia wafadhili mara mbili nikitumia maneno yako."

"Waandikie mara ya tatu," alisema. "Nilikosea nusu."

Watu wa ofisini hatukuwa tumezoea kusikia mtu akitamka hivyo bila kulazimishwa.

"Miezi kumi na nusu ya mwaka foo-wili haitanisaidia kitu. Itakunywa mafuta tu. Bado nasema hivyo, na bado nasema gari lisilo na kitanda litawapita watu kama wa Ipasila bila kuwaona. Lakini kuna zile wiki sita za maji. Wiki hizo ndizo bwawa linaingia kinyesi, kuni hazishiki moto, na mimi niko ukingoni nasubiri njia ikauke. Nilikuwa nahesabu pampu nane. Siku sikuzihesabu. Chilungule nilichelewa siku mbili." Alipumua. "Lete foo-wili. Kitanda kibaki. Punguzeni mengine, sihitaji pazia wala friji. Hicho mtakachopunguza nunueni spana, seti ishirini, kila kijiji wanawake wawili wafundishwe. Wakijua kufungua wenyewe, mimi nikikwama nimekwama peke yangu."

Bwana Gaudence aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, na nikaona kwamba haandiki maneno yangu.

Gari lilifika Agosti 1999, refu, jeupe, vitanda viwili, magurudumu manne yanayovuta. Watu wa Mkonze walilizunguka, mzee mmoja akauliza linatoa maziwa lita ngapi. Mama Jenifa alilalamikia unywaji wake wa mafuta kuanzia siku ya kwanza. Ile gia fupi aliigusa kwa nadra mno. Mwaka mzima wa kwanza niliisikia ikiingia mara tisa tu, na kila mara aliiingiza kimya, hakunitazama. Alikuwa bado anashuka na kufinya udongo.

Spana zilipatikana seti kumi na nne, siyo ishirini. Mafunzo alianza nayo mwenyewe kabla bajeti haijapita, kijiji kwa kijiji, akilala mahali hadi wanawake wawili wafungue na kufunga mara tatu bila yeye kusema neno. Wenyeviti wengine walitaka wachaguliwe wanaume. Aliwauliza nani huteka maji, akaendelea na kazi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zimekolea, kondakta wa basi la Kondoa aliniletea ofisini karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilimsomea Mama Jenifa akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

*Mama shikamoo. Pampu ilikufa Jumamosi, tukaifungua mimi na Mwajabu, Jumapili kabla ya kanisa ikatoa maji. Chuma kilikuwa kimeachana tena. Washa zimebaki mbili, naomba nyingine. Spana kubwa mwenyekiti aliiazima kwa ajili ya plau yake, tunaidai. Anyesi.*

Nilimsikia anacheka, kicheko kidogo cha kifuani.

"Elisante," aliita, "basi linarudi saa ngapi?"

"Saa nane."

"Mfungie washa ishirini. Na umwandikie mwenyekiti barua yenye muhuri wa ofisi, airudishe spana ya watu."

Kisha akatoka chini ya gari, akajipangusa mikono, akaingia na kuliwasha. Siku hiyo alikuwa na safari ya upande wa kusini, wala hakuwa na haja ya kuibadili.